Mkono wa Karani wa Simu

Nilipaswa kukataa. Ofisa kutoka Tabora alinisimamisha nje ya chumba cha simu, kwenye kivuli cha tangi la maji ya injini, akaniuliza kama niko tayari kuhamia ofisi ya mizigo mjini. Hakunificha kitu. Karani wa Simu alikuwa anakaribia kustaafu. Nikibaki nikakamilisha mafunzo, kiti chake kitakuwa changu na chumba kitaendelea kuwapo. Nikiondoka, hakuna mwingine wa kukikalia, kwa hiyo chumba kitafungwa, na simu za watu wetu zitapokelewa stesheni ya mbele. Ofisi ya mizigo ilikuwa na dawati la mninga na feni ya darini. Ofisa alikuwa bado anajifuta jasho nilipomjibu kwamba niko tayari.

Dirisha la chumba cha simu lilikuwa wazi, na ndani alikuwa amekaa mtu niliyemjua kuliko nilivyomjua baba yangu. Huyo ndiye nitakayemweleza. Ukoo wake siujui, wala mahali alipozaliwa. Hakuwa mtu wa kuzungumza habari hizo. Kijiji kizima kilimwita Karani wa Simu, na mkewe pia, siku alizokuwa amemkasirikia.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo, mashariki ya Tabora, si mbali na Tura. Mimi nilipelekwa pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa kazi ya kukata tiketi na kujifunza simu kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilimkuta ameegemeza kichwa kwenye kopo tupu la majani ya chai. Nilidhani amelala. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akainua kidole kimoja nisubiri, akaendelea kuandika kwa mkono wa pili, kisha akamaliza, akanigeukia na kusema, "Marahaba. Dodoma wanasema treni ya mizigo imechelewa kwa sababu ya ng'ombe. Hawakusema ng'ombe wangapi. Nimewauliza."

Kopo lile lilikuwa uvumbuzi wake. Simu yetu haikuwa ya kuongea kwa mdomo. Ilikuwa na ulimi mdogo wa shaba ndani ya kisanduku. Umeme ukija kwenye waya, ulimi unashuka na kugonga, ukikatika unapanda na kugonga tena. Sauti mbili tu. Nyuma ya ulimi ule ndipo alipobana kopo, ili mlio mdogo usikike kama mtu anayebisha hodi. Nilijitahidi kusikiliza milio mpaka kichwa kikaniuma, kisha nikamwambia kwamba yote ni sawasawa, sioni tofauti.

"Ni sawasawa kweli," alinijibu. "Usisikilize kugonga. Sikiliza muda ambao ulimi umekaa chini. Ukikaa kidogo, huo ni mfupi. Ukikaa zaidi, huo ni mrefu. Mfupi na mrefu vikipangwa vinakuwa herufi, herufi zinakuwa neno, na neno linakuwa mama mkwe wa mtu anakuja Jumamosi."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kila somo lilimalizikia kwa mama mkwe, au mbuzi, au mwalimu aliyeomba chaki.

Mdomo wake ulikuwa mvivu. Alizoea kufupisha maneno ya simu hata akawa anafupisha na mazungumzo. Mkewe akimuuliza kama amekula, kama chakula kilitosha, na kama ataoga sasa au baadaye, alijibu yote kwa pamoja, "Ndiyo, ndiyo, baadaye." Lakini mtu huyohuyo akishika kitufe cha kupigia, alikuwa mpiga soga asiye na mfano. Waya ukiwa hauna kazi, alizungumza na makarani wa Itigi, Manyoni na kwingineko ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Alijua nani ameoa, nani anaumwa jino. Alisema kila mtu ana mkono wake. Mmoja, mrefu wake ulikuwa mrefu mno, kama mtu anayejinyoosha. Mwingine alikuwa anakatisha, na Mzee akaapa kwamba huyo hula amesimama.

Na karani wa Manyoni alikuwa anacheza naye bao. Kila mmoja aliweka ubao wake mezani, akapanga kete za mwenzake kama zake, na kutuma kwa waya shimo analoanzia na upande anaoelekea. Mchezo mmoja ungeweza kuchukua wiki, kwa sababu treni zilikuwa zinawakatisha. Stesheni masta wetu, mtu wa taratibu, aliuona ubao ule kila siku pembeni ya kisanduku, na akiuliza, Mzee alimjibu kwamba zile ni hesabu. Kwa kweli zilikuwa hesabu. Siku moja stesheni masta aliinama, akatazama, akasema polepole, "Hesabu hii, Ndugu, naona umeliwa nyumba." Tangu hapo walikuwa washauri wawili upande wetu.

Hatimaye huyo karani wa Manyoni alisafiri kwenda Tabora, na treni yake ikasimama kwetu kuchukua maji. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Mgeni alishuka, mtu mfupi mwenye miwani, na wakasimama wakitazamana. Walisalimiana. Wakaulizana habari za safari, habari za nyumbani, habari za mvua. Kisha wakaishiwa. Watu waliokuwa wamezungumza kila siku kwa miaka, wakawa wanatazama viatu vyao kama posa imekataliwa. Nilikuwa nawaonea huruma. Ndipo yule wa Manyoni akanyoosha mkono nyuma yake, bila kugeuka, akagonga bati la behewa kwa pete yake: mfupi, mrefu, mfupi mfupi. Mzee akaangua kicheko, akasogea na kugonga naye kwa ufunguo, na hapo ndipo walipokutana kwa kweli. Waligonga behewa lile mpaka abiria wakachungulia madirishani. Treni ilipoondoka mgeni alikuwa bado anagonga kwenye ngazi, na Mzee anamkimbilia apate mwisho wa sentensi.

Lakini kazi iliyompa jina kijijini haikuwa ya waya. Ilikuwa ya kipande cha reli.

Wakati ule watu walikuwa wametoka walikokuwa wametawanyika porini, wakajenga pamoja kandokando ya njia ya reli, nyumba kwa mistari, shamba la kijiji upande wa kusini. Simu ikifika kwa mtu, mwenyewe yuko shambani au mzingani, na tarishi hatukuwa naye. Mzee akatundika kipande cha reli kwenye mlingoti wa zamani wa taa, akachukua nyundo na gunia la katani. Akigonga na kuubana mlio mara moja kwa gunia, huo ulikuwa mfupi. Akigonga na kuuacha ulie kabla ya kuubana, huo ulikuwa mrefu. Alikuwa anachukua kilichokuja kwenye waya na kukigeuza kiwe kitu kinachosikika mpaka bondeni. Kila kaya aliipa mwito wake. Mwisho wa mwito, kama habari ni njema, aliongeza mirefu miwili iliyolia mpaka ikafa yenyewe, na watu wakajua waje wakiwa wamefurahi.

Habari za msiba hakuzigonga. Alisema chuma hakina adabu ya kutosha. Alivaa koti lake la sare, akafunga vifungo vyote, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni mwa mtu. Jambo hilo lilimponza. Asubuhi moja ya kipupwe alisikia baridi, akavaa koti kwenda kununua mayai, na kila alikopita akina mama waliweka michi chini wakaanza kulia. Alifika nyumba ya mayai amelivua koti amelikunja kwapani, akitetemeka, na mwenye mayai akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Karani. Nani ametufia?" Akajibu, "Mimi mwenyewe, kwa baridi. Nipe mayai." Tangu siku ile hakuvaa koti tena kwa sababu ya hali ya hewa.

Watu walizoea miito, kisha wakataka zaidi. Elimu ya watu wazima ilikuwa imeanza, na madarasa yalikuwa jioni kwenye ghala la pamba. Mzee alikuwa mmoja wa walimu. Wenzake walianza na chaki. Yeye alianza na kugonga meza. Akina mama waliokuwa hawajashika kalamu waliijua A kwa sikio kabla hawajaiona ubaoni. Baada ya muda kijiji kizima kilikuwa kinagonga. Wasichana waligongeana kwenye ndoo kisimani. Mkewe alimwita kula kwa mfuniko wa sufuria, naye akajibu kutoka stesheni kwa reli, na kijiji kizima kikajua kwamba leo kuna kisamvu na kwamba Karani ameomba kiongezwe chumvi.

Ulipofika mtihani, msimamizi alikuja kutoka wilayani, na watu wakaandika kimya, ila kulikuwa na sauti ndogo za vidole kwenye madawati. Msimamizi alihisi jambo. Akamwita Mzee, akamwomba akae katikati ya darasa asikilize kama kuna mtu anapeana majibu. Nilimjua Mzee kama mtu ambaye hangepoteza neno moja la simu ya mtu hata kwa kutishwa. Aliwahi kurudi kutoka nyumbani katika mvua kwa sababu aliandika "tarehe" mahali pa "tarajia". Alikaa, akafumba macho, akasikiliza kwa makini. Msimamizi akamuuliza anasikia nini.

"Mchwa," alisema Mzee. "Ghala hili lina mchwa wengi sana, Ndugu."

Alipotoka nje aliniambia kwamba mama mmoja wa mstari wa nyuma amekosea mji mkuu wa Zambia na amewakosesha wote.

Jembe lilikuwa udhaifu wake. Zamu yake ya shamba la kijiji ikifika hakukwepa, lakini matuta yake yalikuwa mafupi na marefu, na mwenyekiti alikuwa anawaonyesha wageni akisema pale panasomeka. Mzee hakukasirika. Alisema wabebaji wa zamani walipita njia hiihii na pembe za ndovu mabegani, na waya umefuata nyayo zao. Yeye anabeba salamu, mzigo mwepesi, ila mtu hawezi kuutua njiani akapumzika.

Kosa langu kubwa la mafunzo lilikuwa la reli. Aliniachia kugonga siku moja kwa sababu alikuwa anapokea simu nyingine. Simu iliyofika ilikuwa ya kaya ya mfinyanzi: binti yake anakuja na treni ya mchana, ana mtoto mchanga. Mwito wa mfinyanzi uliishia kwa mfupi. Mwito wa mrina asali ulifanana nao, ila uliishia kwa mrefu. Nikagonga kwa nguvu na kwa madaha, nikasahau gunia, nikakibana chuma nikiwa nimechelewa. Kisha nikaongeza mirefu miwili ya furaha.

Kaya ya mrina asali walikuwa na kijana wao aliyekwenda jeshini na hakuwa ameandika muda mrefu. Walikuja wote. Walikuja na ngoma, na asali kwenye mtungi, na bibi kizee wao amebebwa kwenye kiti. Mzee alitoka ofisini, akawaona, akanitazama mimi, akajua. Treni ikaingia kabla hajawafikia. Akashuka binti wa mfinyanzi, kichanga mgongoni, na ngoma ikampokea kwa kishindo mpaka akataka kurudi behewani.

Ngoma ikasimama. Nikaenda kwa yule bibi, nikamwambia ni mimi niliyekosea, mjukuu wake hakuja. Bibi aliwatazama watu wake mmoja mmoja, kisha akamtazama yule binti.

"Mleteni huyo mtoto nimwone," alisema. Wakamletea. Akamshika, akamnusa kichwani. "Mjukuu wangu hakuja. Lakini ngoma nimeitoa nyumbani, na siirudishi bila kupigwa. Pigeni."

Walicheza pale kwenye jukwaa mpaka mfinyanzi mwenyewe akaja mbio kuuliza kuna nini, akajumuika. Mama wa mtoto akapewa ule mtungi wa asali. Mtoto akaitwa jina la kijana wa jeshini, na alipokuja kurudi kijana mwenyewe, msimu uliofuata, alikuta ana wajina anayetambaa.

Nilingoja kugombezwa. Jioni ile Mzee alilikunja gunia, akaliweka mkononi mwangu.

"Hukukosea kugonga," aliniambia. "Umekosea kuachia. Kugonga kila mtu anajua."

Ndipo aliponiambia alichokuwa anakitaka, na hakunieleza tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kurudia. Alitaka kabla hajaondoka pawe na sikio moja pale stesheni la kumrithi. Kitufe nilikuwa nimekwisha kukiweza. Kutuma ni rahisi, mtu anatuma kwa mwendo wake. Kupokea ndiko kulikonishinda bado, kwa kuwa unakwenda kwa mwendo wa mwingine. Alisema ninahitaji mwaka mmoja tu wa kukaa na lile kopo. Nikamwahidi.

Ofisa wa Tabora akaja, na nimekwisha kueleza nilivyomjibu. Nilikuwa kijana wa shati jeupe, na nilitaka kuonekana nimevaa shati hilo mahali penye watu. Nilijiambia kwamba simu za kugonga ni za zamani, zitaondolewa popote zilipo. Hilo lilikuja kuwa kweli, na ukweli wake nimeutumia miaka mingi kujitetea.

Mzee hakunilaumu. Nilipomwambia alisema, "Sawa," kama anayepokea simu fupi. Siku ya kuondoka nilikuwa nimesimama na sanduku langu niliposikia reli inalia. Kwanza sikutambua, kwa sababu mwito ule haukuwahi kugongwa: ulikuwa wangu, alinipa siku nilipohamia pale, na sikuwahi kupata simu. Akaumaliza kwa mirefu miwili, akaiacha ilie yote. Watu wakaja kutoka shambani na majembe yao kuniaga. Aliifanya safari yangu iwe habari njema.

Alistaafu, chumba kikafungwa, akahamia Chemchem, mjini Tabora, mwendo mfupi kutoka kwangu. Nilikuwa namwona msikitini na sokoni, tunasalimiana, ananiuliza habari za mizigo. Kila mara nilisema nitakuja nikae naye. Nilikwenda siku niliposikia amepatwa na kiharusi.

Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amenyolewa vizuri, macho yanacheka. Mdomo wake ulikuwa umelala upande mmoja na hakuweza kusema. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, nao ulikuwa unagonga mkono wa kiti bila kupumzika. Mkewe alikuwa anachambua mchele, akicheka peke yake.

"Kaa, baba," aliniambia. "Tangu asubuhi ananisimulia habari za jirani. Huyu alikuwa bubu alipokuwa anaongea. Sasa ndipo amepata mdomo."

Tulikaa mchana kutwa, watatu, na nilifurahi kuliko nilivyostahili. Mzee aligonga, mkewe akanipa tafsiri bila kuinua kichwa kwenye ungo. Anasema umenenepa. Anauliza kama ofisi ya mizigo bado inapoteza baiskeli za watu. Anasema karani wa Manyoni alimwibia bao lile la mwisho, na wewe ulikuwa shahidi. Nikajibu kwa mdomo, naye akacheka kwa nusu ya uso, na nusu hiyo ilitosha.

Alasiri mkewe alinyanyuka kwenda kuswali. Mzee akanyoosha ule mkono, akaushika wangu, akageuza kiganja changu juu. Akaanza kubonyeza kwa kidole gumba. Alibonyeza polepole sana, kwa mwendo aliokuwa akiutumia zamani kunifundisha, na aliacha nafasi kubwa kati ya herufi na herufi. Huu mfupi, nilijua. Huu mrefu, nilijua. Lakini herufi zilikuwa zimenitoka zamani. Zilikuja moja moja na kupotea kabla sijazifunga kuwa neno. Aliendelea kwa muda. Kisha akatulia, akanitazama, akisubiri nijibu.

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Aliutazama uso wangu. Akakipigapiga kiganja changu, akakikunja vidole, kama mtu anayekufungia kitu usikiangushe.

Mkewe aliporudi nilimwambia ukweli, kwamba Mzee ameniambia neno na sikulipata, nikamwomba amwambie arudie. Akamuuliza. Mzee akagonga kidogo tu kwenye mkono wa kiti, akafumba macho, akiwa bado anatabasamu.

"Anasema amekwisha kukwambia," mkewe alisema.

Nilikwenda tena juma lililofuata, nikakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Mkewe hakujua neno lile, na hakuna mwingine aliyekuwapo. Kubaki pale stesheni kungenitaka mwaka mmoja wa kusikiliza, nami nilikataa kuutoa. Mtu aliyenipenda kama mwanawe aliniambia neno lake la mwisho mkononi, taratibu, akaamini limefika. Sikulisoma, na sitalijua.